Sherehe Isiyo na Daftari

"Mnanifanyia matanga nikiwa hai?"

Mama aliniuliza hivyo kwenye simu, siku tatu baada ya mdogo wangu kufungua kundi la WhatsApp la kupanga siku yake ya kutimiza miaka sabini. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua. Jirani yake kule Chwele alikuwa amemwambia kwamba kuna tenti mbili zinakuja, viti mia moja, fulana zenye picha yake, mshereheshaji wa kulipwa, na kwamba mweka hazina ameshachaguliwa. Kwa mtu aliyeishi Bungoma miaka yote hiyo, orodha ya namna ile ina maana moja, na keki haimo.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kwa maneno manne Mama alikuwa amesema jambo ambalo nimelizungukia kwa muda mrefu: sisi watu wa magharibi mwa Kenya tumebaki na namna moja tu ya kukusanyika, nayo tumeitoa msibani. Tukitaka kumfurahisha mtu tunaitisha kamati. Tukitaka kumpumzisha tunamwandikia ratiba.

Tazama jinsi wikendi yetu inavyogawanywa. Ukikaa Kisumu, Kakamega au Bungoma huhitaji kalenda kujua kwamba leo ni Ijumaa. Utayaona magari yenye utepe mwekundu yakitoka mochari kuelekea mashambani, pikapu ya spika mbele, basi la shule la kukodi nyuma. Jumamosi ni ya kuzika. Jumapili ni ya kurudi na kukung'uta vumbi. Jioni za katikati ya wiki ni za vikao vya mchango. Mtu akitaka kukualika kwa jambo lingine lolote Jumamosi, hata harusi, huanza kwa kuuliza kama huna mazishi.

Jamaa zetu wa Nairobi hutucheka eti tunapenda matanga. Hawajaona kinachofanyika pale mezani penye daftari. Ukitoa shilingi mia tano kwenye msiba wa jirani, jina lako linaandikwa, kiasi kinaandikwa, na ukiwa umeleta gunia la mahindi au kuku nalo linaandikwa. Daftari lile hutunzwa vizuri kuliko vyeti vya shule. Siku zamu ikigeuka, kuna mtu atalifungua na kukitafuta kidole kwa kidole kile ulichotoa, ili ajue akurudishie nini. Hiyo ni bima, na ni bima nzuri: haina ofisi, haina wakala, na hulipa ndani ya wiki moja. Mjane ambaye hana akiba yoyote huzika mume wake kwa heshima kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa kuonekana kwa wenzake. Siwezi kuidharau.

Ila bima ina tabia zake. Mwaka 2020, korona ilipoingia na serikali ikaagiza mazishi yahudhuriwe na watu kumi na watano tu, wengi walitabiri kwamba desturi ya mazishi makubwa imekwisha. Watu walizikwa asubuhi, bila tenti, bila chakula cha umati, na familia nyingi zikakiri kwa sauti ya chini kwamba zimepumua. Masharti yalipolegezwa tenti zikarudi kana kwamba zilikuwa zimeenda kuoshwa. Nani akubali kuwa amelipa miaka thelathini, halafu zamu yake ifike wakati hesabu imefika kumi na watano?

Sasa ilete siku ya kuzaliwa karibu na daftari hilo. Haina deni. Usipokuja kwenye siku yangu ya kuzaliwa hakuna mzee atakayekuita kando kukuonya. Hakuna atakayesema siku moja, "Wewe ulikosa keki ya fulani, nani atakula yako?" Anayekuja amekuja bila cha kulinda wala cha kudai. Kwa mtu anayetazama haraka, huo ni udhaifu, na ndiyo sababu sherehe hizi huahirishwa mara moja msiba ukitokea. Kwangu mimi hapo ndipo thamani yake yote ilipo. Ni mahali pekee ambapo naweza kumwona shangazi yangu kwa siku mbili bila mmoja wetu kuwa mlipaji.

Tatizo ni kwamba hatujui kukaa mahali pasipo na deni. Mikono inawasha. Kundi la mdogo wangu lilipofika siku ya pili lilikuwa na mwenyekiti, katibu na bajeti ya Sh186,000, na orodha ya majina yenye namba mbele yake, kila mtu akinakili ya mwenzake na kuongeza la kwake chini. Mtu mmoja alitoa Sh10,000 akabandika ujumbe wa M-Pesa wote kama ulivyo, pamoja na salio alilobakiwa nalo. Kuanzia hapo waliokuwa wanataka kutoa Sh500 walinyamaza. Siku ya kuzaliwa ilikuwa imepata daftari.

Nimtendee haki ndugu yangu. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotaka iwe. Alisema Mama ameonekana kwenye madaftari ya watu kwa miaka hamsini. Amepika kwenye matanga ya kijiji kizima. Kwa nini arudishiwe akiwa amelala kwenye sanduku? Akanikumbusha kwamba kwetu Wabukusu, Waluhya wa Bungoma, mzee wa heshima akifa kuna kumuse, ambapo msemaji husimama na bakora yake mbele ya watu akaeleza ukoo na mwenendo, na mwenye sifa hizo haisikii hata moja. "Afadhali tumsifu akisikia," alisema. Nilimjibu kwamba Mama hakuomba kusifiwa. Aliulizwa anataka nini, akasema anataka kuketi na sisi, na ale samaki ambaye hakumpika yeye.

Hilo la mwisho tulilipita kama utani. Nitalirudia.

Kwanza ilibidi tukubaliane siku yenyewe ni lini, maana kitambulisho cha Mama kina mwaka 1955 na hakuna mtu anayejua zaidi ya hapo. Usajili wa lazima wa vizazi haukuenea nchi nzima hadi 1971. Mtoto wa kike aliyezaliwa chini ya mlima Elgon miaka kumi na sita kabla ya hapo hakuandikwa popote isipokuwa kwenye jina lake. Anaitwa Nasimiyu. Amezaliwa wakati wa simiyu, kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka. Wafula alikuja na mvua, Wekesa na mavuno, Nanjala njaa ikiwa imebisha hodi. Majirani zangu Waluo hapa Kisumu wamekaza zaidi, wao wanakupa hadi saa: Akinyi ni wa asubuhi, Otieno ni wa usiku. Jina lilitaja hali ya dunia ulipoingia, na hali hiyo hurudi kila mwaka, au kila siku, bila kukuuliza umefikisha miaka mingapi.

Miaka ilihesabiwa kwa njia nyingine. Mjomba wangu, kaka yake Mama, alitahiriwa Agosti 1956. Kwetu tohara ni kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kwa hiyo wazee hawapotei. Anakumbuka kwamba siku alipotoka mtoni amepakwa matope ya tohara, dada yake mdogo alimkimbilia kwa vile vihatua vya mtoto aliyejua kutembea juzi, akaanguka. Basi kiangazi cha mwanzo wa 1955. Ushahidi wa namna hiyo mahakama ingeukataa, mimi nauamini kuliko cheti changu.

Na ni cheti, si mapenzi, kilichotuletea tarehe. Wanangu wanajua siku zao za kuzaliwa kwa sababu bila cheti hawaingii kwenye mtandao wa serikali wa wanafunzi wala hawasajiliwi mtihani. Shule ikawapa tarehe, na wenzao wakaipa tarehe desturi: kumwagiana maji. Mtoto wa Kenya anajua siku yake ya kuzaliwa imefika akijikuta amelowa chapachapa nyuma ya darasa. Hii sasa nayo ni mila yetu, hata kama haina miaka mia.

Kwa kiangazi ilipaswa kuwa Januari. Lakini Januari kwetu ni Njaanuari. Karo imelipwa, mifuko imetoboka. Tukamwomba Mama asogee hadi Jumamosi ya pili ya Februari. Alisema amesubiri miaka sabini, wiki tatu hazitamuua.

Ikabaki mahali. Dada yangu anaishi Riat, hapa Kisumu, nyumba kubwa, ziwa lote linaonekana kutoka barazani. Haikuwezekana. Kwa mila yetu Mama hawezi kulala kwa mkwewe. Ikabidi aje kwangu Mamboleo, vyumba viwili na uwanja mdogo wenye mwembe mmoja, na shemeji yangu, ambaye ndiye mwenye gari la kumleta, akakaa siku mbili upande wa pili wa ua akimheshimu mama mkwe kwa mbali. Walisalimiana kupitia watoto. Wageni kutoka mbali wangeona ubaridi. Mimi niliona mpangilio unaowapa watu wawili nafasi ya kutochoshana, na kusema kweli shemeji ndiye aliyepumzika kuliko wote; alikuwa na kiti chake, kivuli chake, na hakuna aliyeweza kumtuma.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Tenti hakuna. Keki ya kilo mbili kutoka kwa mama mmoja anayeoka nyumbani Migosi, na mishumaa ya tarakimu, saba na sufuri. Pesa zilizokuwa zimechangwa zilirudishwa, jambo lililoleta uchungu zaidi kuliko kama tungezila.

Jumamosi alfajiri nilisikia maji nyuma ya jikoni nikadhani ni mke wangu. Alikuwa Mama. Amefunga leso kiunoni, ameinama juu ya karai, ananyonyoa kuku wa tatu. Kulikuwa na saba. Manyoya yaliyolowa yalikuwa yamemganda hadi kwenye viwiko. Mke wangu na dada yangu walikuwa pembeni wakipepea jiko, wote wawili wakiwa na sura ya watu waliojaribu kumzuia wakashindwa.

"Mama, si leo ni siku yako?"

"Na kuku watajinyonyoa?"

Hapa ndipo makala haya yanapoanza kunigeukia mwenyewe. Nimeandika hapo juu kwamba siku ya kuzaliwa haina deni. Nilikuwa ninahesabu deni la wanaume. Kuku wa kienyeji haivi kwa huruma. Huchemshwa hadi ukate tamaa ndipo umkaange. Ugali wa watu kumi na mmoja unataka mkono. Mrenda uchambuliwe, maji yaletwe, vyombo vioshwe, vioshwe tena baada ya chai. Kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi saa tisa mchana hakuna mwanamke hata mmoja pale nyumbani aliyeketi kwa muda wa kumaliza kikombe. Sisi tulikuwa chini ya mwembe. Tulizungumza juu ya bei ya miwa na juu ya kwa nini mikutano ya siku hizi haina utulivu.

Daftari la kazi hiyo halijawahi kuandikwa na mtu, msibani wala kwenye furaha. Ndiyo maana nafikiri ndugu yangu alikosea na mimi pia nilikosea. Yeye alitaka tenti mbili, mimi nilitaka mwembe mmoja, na hakuna kati yetu aliyeuliza nani atanyonyoa. Mwanamke mwenyewe alituambia tangu mwanzo, kwa lugha rahisi, kwamba anataka chakula ambacho hakukipika, tukacheka.

Kulikuwa na mazuri pia. Wajukuu waliamua kwamba Kukhu, yaani bibi yao, lazima amwagiwe maji. Walijificha nyuma ya tangi na ndoo. Aliwaona, akasimama, akawaambia yeye si mvulana wa Agosti wa kupelekwa mtoni alfajiri, na kwamba atakayemgusa atapakwa matope hadi masikioni. Wakamwagiana wenyewe. Kisha sahani ya firigisi ikapelekwa kwa mjomba, kama inavyopasa, maana ndiye mkubwa na firigisi ina mwenyewe. Zamani wanawake wa Kiluhya hawakula kuku kabisa, achilia mbali firigisi. Mjomba, mwenye miaka zaidi ya themanini, aliiangalia kwa muda. Akaikata katikati kwa kidole gumba, akampa mjukuu wa kike nusu moja na kumwonyesha kwa kidevu aipeleke wapi. Mama aliipokea akaitia mdomoni akiwa bado anaongea na mtu mwingine. Hakuna aliyepiga picha. Simu zote zilikuwa zinangoja keki.

Jumapili tulishuka Dunga, ufukoni mwa ziwa. Hilo lilikuwa wazo la mke wangu, ambaye Jumamosi usiku alisema, bila kupaza sauti, kwamba hatashika mwiko tena hadi Jumatatu.

Dunga unachagua samaki akiwa mbichi. Mama wa pale hukuletea sinia, unaonyesha ngege huyu na huyu, mnakubaliana bei kwa ukubwa, kisha unangoja karibu saa nzima. Kama ni wa ziwani hasa au wa kufugwa vizimbani usiulize sana. Mjini Kisumu wako hata waliosafiri kwenye barafu kutoka China, na kachumbari haibagui. Lile lisaa la kungoja ndilo lililonifundisha. Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki akitazama matete na mitumbwi, na mikono yake haikujua pa kukaa. Aliikunja. Akaikunjua. Akapangusa meza iliyokuwa safi. Akaondoka, tukadhani anatafuta msala, kumbe amekwenda jikoni kuuliza kama anaweza kusaidia kupara samaki.

Yule mpishi, mwanamke wa rika lake, alimshika mkono akamrudisha hadi kwenye kiti. "Mama, kaa," alimwambia. "Hii ni kazi yangu, na watoto wako watanilipa."

Sijasikia hoja bora zaidi ya hiyo juu ya mapumziko. Alipumzika kwa sababu kulikuwa na mtu analipwa, waziwazi, kwa bei waliyokubaliana, kwa kazi ambayo nyumbani kwetu hufanywa kwa jina la upendo. Najua si kila familia inaweza kula nje. Lakini wikendi yetu nzima, kuku, keki, nauli ya watu wa Bungoma, mafuta ya gari la shemeji na samaki wa Dunga, haikufika Sh40,000, chini ya robo ya ile bajeti ya kamati. Ndani ya bajeti ile ya Sh186,000 kulikuwa na spika, fulana, mpiga picha na mshereheshaji. Malipo ya wapishi hayakuwemo. Mstari wake ulisomeka "akina mama watajipanga".

Vijana wa hapa mjini wametutangulia, ingawa tunawasema. Wanakodi maputo na taa za rangi, wanajaza hoteli, wanapiga picha mia mbili, haya. Lakini mwenye siku yake haoshi sufuria, na rafiki zake hugawana bili papo hapo kisha kila mtu anaenda zake bila kubaki amefungwa. Ukiondoa maputo, hiyo ndiyo sherehe niliyokuwa naitetea mimi chini ya mwembe.

Baada ya kula Mama alilala. Pale pale kwenye kiti, kichwa kimeegemea nguzo, upepo wa ziwa ukimpiga usoni, mdomo wazi kidogo, mikono hatimaye imelegea mapajani. Wajukuu walikuwa wakipiga kelele kwamba wameona kiboko, ikawa ni jiwe. Shemeji, kwenye meza yake ya mbali, aligeuza kiti ili asimtazame mama mkwe akiwa usingizini. Tulikaa hivyo kama dakika arobaini. Hakuna aliyesema lolote la maana.

Kundi la WhatsApp halikufungwa. Mdogo wangu alisema libaki la kutumiana picha, na kweli kwa siku tatu lilikuwa hivyo: Mama na keki, Mama na samaki, Mama na wajukuu waliolowa. Alhamisi asubuhi mtu akaandika kwamba baba mkwe wa binamu yetu wa Kimilili ametutoka usiku, mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na akaweka namba ya kutuma. Chini yake orodha ikaanza, moja, mbili, tatu. Picha ya kundi bado ilikuwa Mama akipuliza mishumaa. Nilituma Sh1,000 nikaandika jina langu. Nilikuwa wa nne.